Tathmini ya Afya ya Akili: Utaulizwa Nini, na kwa Lugha Gani?

Jijini Nairobi, na hata mbali nalo, Mathari si jina la hospitali tu. Limekuwa kejeli. Mwanafunzi akicheka peke yake maktabani, mwenzake humuuliza alitorokaje Mathari. Akisema kwamba anataka kumwona mshauri nasaha, huulizwa kama mambo yamefika huko. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa yamekusudiwa wagonjwa wa ndui, na jina lake la kwanza la Kiingereza liliitangaza wazi kuwa ni nyumba ya wendawazimu. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Zaidi ya karne moja imepita. Dawa zimebadilika, sheria zimebadilika, hospitali yenyewe imekuwa mahali pa kufundishia madaktari, lakini picha tuliyo nayo vichwani ni ile ile ya lango lililofungwa kwa nje. Ndiyo maana mwanafunzi anaposhauriwa kwenda kufanyiwa tathmini ya afya ya akili hudhani kwamba anaenda kuhukumiwa, na wengi hawaendi.

Makala haya yananuia kueleza yanayofanyika ndani ya chumba hicho ili mwenye hofu aende akijua. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, si daktari, na msomaji ana haki ya kuuliza ni kwa nini jambo hili liandikwe katika jarida la chama cha Kiswahili. Jibu langu ni kwamba tathmini ya afya ya akili haifanywi kwa hadubini wala kwa eksirei. Chombo chake kikuu ni mazungumzo. Anayepima hupima kwa maneno, na anayepimwa hana kingine cha kutoa ila maneno. Maadamu ni hivyo, lugha inayotumika mle chumbani ni sehemu ya matibabu yenyewe, na wana wa Kiswahili hatuwezi kujifanya wageni wa suala hili.

Tuanze na utaratibu. Katika vyuo vyetu vingi mtu wa kwanza kukutana naye huwa mshauri nasaha, muuguzi au tabibu wa zahanati ya chuo. Hawa humsikiliza mwanafunzi na, pakihitajika, humwelekeza kwa mwanasaikolojia au kwa daktari wa magonjwa ya akili, ambaye, tofauti na mshauri, anaweza kumwandikia dawa. Kikao cha kwanza huchukua muda, kwa kawaida kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, kwa hiyo si jambo la kufanywa katika mapumziko ya kati ya mihadhara miwili. Mtu anaruhusiwa kuja na ndugu au rafiki, na anaruhusiwa pia kuomba huyo rafiki asubiri nje. Ni vyema kuandika kwenye karatasi mambo anayotaka kuyasema, kwa sababu mengi husahaulika mtu anapoketi mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Maswali ya mwanzo ni ya kawaida mno. Ni nini kilichokuleta? Kilianza lini? Unalala vipi? Unakula? Masomo yanaendeleaje, na je, kuna mambo uliyokuwa ukiyafurahia ambayo sasa huna haja nayo? Kisha huja yanayogusa ndani zaidi: malezi, misiba, ukoo na kama kuna jamaa aliyewahi kuugua, mapenzi, pesa, pombe, bangi, miraa. Mtoto wa mchungaji au wa ustadhi akiulizwa habari za bangi hukunja uso, lakini haulizwi ili ashtakiwe. Vileo vingine huleta dalili zinazofanana kabisa na maradhi, na daktari asiyeuliza atatibu kisicho chenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo mtu anaweza kuombwa damu. Upungufu wa damu mwilini au tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa huweza kumlegeza mtu na kumtia huzuni hata ikaonekana kwamba tatizo liko akilini. Na swali lolote ambalo mtu hayuko tayari kulijibu anaweza kusema, bila utovu wa adabu, kwamba angependa liachwe kwanza.

Mara nyingi kuna hojaji pia. Inayotumika sana ni ile ya maswali tisa inayojulikana kwa kifupi PHQ-9. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita na hupewa alama kuanzia 0 hadi 3 kulingana na wingi wa siku ambazo dalili hiyo imemsumbua mtu, kwa hiyo alama za juu kabisa ni 27. Alama 10 na zaidi huchukuliwa na wengi kuwa ishara kwamba inafaa kuchunguza zaidi. Ni ishara tu. Sisi tuliolelewa na mitihani tukiona jumla ya alama hudhani tayari tumefaulu au tumeanguka, ilhali hojaji hiyo ni mlango wa kuingilia katika mazungumzo na haitoshi peke yake kumpa mtu jina la ugonjwa.

Wakati haya yote yakiendelea, anayetathmini huwa anatazama. Huangalia mavazi, mwendo, kasi ya usemi, kama fikra zinafuatana au zinarukaruka, na kama uso unakubaliana na maneno. Huangalia macho pia, na hapa busara yahitajika, kwa kuwa katika jamii zetu nyingi kijana kumkazia macho mtu mzima ni ukosefu wa heshima, si dalili ya afya. Mtu anaweza kuulizwa tarehe ya siku hiyo, kutajiwa maneno matatu ayakumbuke baada ya dakika chache, au kuambiwa atoe 7 kutoka 100, kisha 7 nyingine, na kuendelea hivyo. Asishangae. Haya hupima makini na kumbukumbu, na wengi wetu tuliokimbilia sanaa kwa kuogopa hisabati tunaruhusiwa kuhesabia vidole.

Kisha kuna methali. Ndiyo, methali. Katika mbinu za zamani ambazo bado zinafundishwa, anayetathmini humpa mtu methali na kumwomba aeleze maana yake. Nia ni kupima kama akili inaweza kutoka kwenye maana ya juu juu ikaingia kwenye maana ya ndani. Anayeambiwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, akajibu kuwa kibaba ni chombo cha kupimia nafaka na basi, huenda uwezo wake wa kufikiri kidhahania una tatizo. Nadharia yenyewe inaeleweka, ila mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi ataona mara moja mahali inapovuja. Methali si fumbo linalofumbuliwa na akili safi popote ilipo. Ni mali ya jamii, na maana yake hurithiwa. Kijana aliyezaliwa Nairobi na kukua kwa Sheng huenda hajawahi kukiona kibaba wala kulisikia neno hilo nje ya darasa. Kwa upande mwingine, aliyekaririshwa methali shuleni kwa ajili ya karatasi ya insha ataimwaga maana yake kama kasuku hata akiwa mgonjwa hoi, kwa kuwa kinachojibu pale ni kumbukumbu. Na mwanafasihi je? Akiulizwa maana ya methali, atauliza kwanza imetamkwa na nani, kwa nani na katika muktadha gani, na huenda akatoa mhadhara wa robo saa. Naogopa kuwaza daktari ataandika nini.

Mfano mwingine unatoka katika jaribio fupi la kumbukumbu na fahamu lililotungwa na Folstein na wenzake huko Marekani mwaka 1975, lenye alama 30, ambalo limesambaa duniani kote. Kipengele kimojawapo humtaka mtu arudie sentensi fupi ya Kiingereza iliyoundwa karibu yote kwa viunganishi. Ugumu wake uko katika matamshi, maana sauti zake hujikwaa ulimini. Ukiitafsiri maana yake kwa Kiswahili unapata maneno ambayo mtoto wa miaka minne atayarudia bila taabu, na kipimo kimekufa. Anayetaka kupima kitu kile kile katika Kiswahili hana budi atafute sentensi nyingine kabisa, ya Kiswahili chenyewe, yenye ugumu wa aina ile. Hiyo ni kazi ya mwanaisimu.

Haya ya vipimo ni madogo yakilinganishwa na ya maswali yenyewe. Tuchukue lile ambalo huulizwa karibu kila mtu: je, unasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii? Katika Kiingereza kitenzi hicho ni cha masikio peke yake. Katika Kiswahili tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu, tunasikia kizunguzungu. Mtu akijibu kwa unyofu kwamba anasikia vitu ambavyo wenzake hawavisikii, huenda anasema tu kwamba ana maumivu ambayo hakuna anayeyajali. Kuona nako ni vivyo hivyo, kwa maana tunaona haya, tunaona kiu, tunaona uvivu. Muulizaji mwangalifu atataja masikio na sauti: je, umewahi kusikia sauti ya mtu akisema nawe na ulipogeuka hapakuwa na mtu? Maneno yameongezeka, lakini sasa swali limekuwa la Kiswahili.

Lipo pia tatizo la swali kanushi. Ukimuuliza Mswahili, "Hujala?" naye hajala, atakujibu, "Ndiyo," yaani ni kweli, sijala. Mwingereza angejibu kinyume. Niliwahi kufanyiwa tathmini ya aina hii nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na muuguzi mwenye huruma, kwa kutotaka kunitisha, aliniuliza, "Huna mawazo mabaya, sivyo?" Nikajibu, "Ndiyo." Kalamu yake ikaanza kwenda kasi, na ilituchukua dakika kadhaa kufahamiana. Tulicheka baadaye. Lakini hebu fikiria kosa hilo likielekea upande wa pili, kwa mtu ambaye kweli anayo mawazo hayo na jibu lake likaandikwa kuwa hana. Kanuni iliyo salama ni rahisi. Anayeuliza asitumie ukanushi, na anayejibu asiridhike na ndiyo au la, bali ataje sentensi nzima: ninayo, sina.

Hata salamu ina mtego. Hujambo? Sijambo. Maana ya asili ni kwamba huna jambo, nami sina jambo. Adabu yetu imetufunza kuwa habari ni njema daima, hata matangani, na yaliyo mabaya hufuata baadaye baada ya neno "lakini". Mwanafunzi anaingia, anaulizwa habari yake, anajibu nzuri, na asiyejua mila hii huandika kwamba mgonjwa anajisikia vizuri. Kadhalika, kuna maneno ambayo kwetu yanabeba mzigo kuliko yanavyoonekana. "Nimechoka" yaweza kuwa uchovu wa mguu, na yaweza kuwa kilio cha mtu aliyefika ukingoni. "Nina mawazo" hakumaanishi kwamba mtu anafikiri. "Sina raha", "moyo mzito", "kichwa kimejaa", "roho haitulii": katika maneno haya ndimo maradhi yalimojificha, na ni haya yanayopotea mtu anapolazimika kujieleza kwa Kiingereza cha darasani au anapojibu hojaji iliyotafsiriwa kwa haraka.

Katika vikao vyetu vya istilahi tumependa sana kuunda nomino. Tunalo neno sonona, ambalo ni zuri, limetoka katika kitenzi chetu wenyewe, nalo linafaa katika kamusi na katika taarifa ya habari. Ila hakuna mgonjwa anayeingia zahanati akasema ana sonona, na sioni kama ushindi wa lugha unapimwa kwa kuwa na neno moja linalolingana na neno moja la Kiingereza. Wazimbabwe walipita njia nyingine. Katika miaka ya 1990 watafiti walikusanya maneno ambayo wagonjwa na waganga wa Kishona waliyatumia, mojawapo likiwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, wakatunga hojaji ya maswali 14 iliyoota ndani ya lugha hiyo. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006, hojaji hiyo ndiyo iliyoshikwa na akina bibi waliofunzwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi wenye lugha ya mamilioni tunajadili bado kama ni sonona au ni mfadhaiko.

Narudi kwenye swali ambalo watu huliogopa kuliko yote, nalo huwa la tisa katika hojaji niliyoitaja: kama umewahi kufikiri kwamba ingekuwa heri kufa, au kujidhuru. Utaulizwa, na utaulizwa waziwazi. Kuna wanaodhani kwamba kuuliza ni kupanda mbegu, ilhali watafiti waliolichunguza jambo hili wamepata kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na wengi huona nafuu kwamba hatimaye mtu amethubutu kulitaja. Hapo zamani kulikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hivyo aliyenusurika angeweza kutoka wodini akaelekea mahakamani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwanafunzi anayelijibu swali hilo leo anajibu akiwa mgonjwa wala si mshukiwa.

Siri nayo ina mipaka ambayo ni haki kuijua mapema. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inatambua haki ya mgonjwa kutunziwa siri na kushirikishwa katika matibabu yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya miongoni mwa zile nyeti. Msimamizi wa tasnifu yako si daktari wako, na hana haki ya kupekua faili lako. Siri inaweza kuvunjwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mahakama ikiamuru. Uliza mwanzoni kabisa: nitakayoyasema yatasomwa na nani? Mtathmini mwema hatakasirika. Na mtu ambaye tayari ana nia ya kujidhuru asingoje miadi wala barua. Aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, na mwenzake wa chumba asimwache aende peke yake.

Katika darasa la riwaya tumemsoma Kazimoto wa Kichwa Maji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu kama sisi, na mwisho wake ni kujiua. Kabla yake, mwaka 1971, Rosa Mistika naye aliishia hivyo hivyo. Tumewajadili wote wawili kwa istilahi ya udhanaishi, tumetaja wanafalsafa wa Ufaransa, tumepata alama zetu. Silaumu usomaji huo, kwa kuwa mwandishi aliukusudia. Lakini nimehudhuria semina nyingi juu ya riwaya hizo na sikumbuki hata moja ambapo mtu aliuliza kama katika kundi lile la watu ishirini yupo anayelala vibaya. Tunajua kulichambua jambo hili likiwa kitabuni. Likiwa limeketi dawati la pili, tunalifanyia mzaha wa Mathari.

Pendekezo langu kwa chama ni la kazi ya muhula mmoja. Hojaji ya maswali tisa imewahi kutafsiriwa kwa Kiswahili, basi tuichukue pamoja na wauguzi wa zahanati ya chuo, tuisome swali kwa swali na wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka Kwale, Kitui, Busia, Garissa na Eastlands, na kila mmoja aulizwe swali hilo analielewaje na yeye mwenyewe angelisema vipi nyumbani kwao. Pasiwe na haja ya kumtaka mtu yeyote aeleze hali yake, kwani tutakuwa tunapima maswali. Tunaoandika tasnifu za tafsiri na za isimujamii tayari tunajua mbinu. Tuanze na swali la tisa.